Sensa ya Throto: Kuipima, Kuisafisha na Kuibadilisha Nyumbani

Unakanyaga mafuta, gari linashikwa kwanza ndipo linaondoka. Kwenye foleni sailensi (mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta) inapanda na kushuka. Gia za otomatiki zinachelewa kubadilika, kisha zinaingia kwa kishindo. Au taa ya injini imewaka na gari limekosa nguvu kabisa, hata ukikanyaga hadi chini. Kwa dalili hizi wengi huambiwa wanunue sensa ya throto, na wengi huinunua, huifunga, na tatizo hubaki palepale.

Sensa hii huharibika, ndiyo. Ila kwenye Toyota na Nissan zilizoagizwa Japani zikiwa zimeshatumika miaka mingi, unapaswa kushuku mambo matatu kabla yake: uchafu kwenye throto, soketi iliyolegea au kuota kutu, na waya uliokatika ndani ya ganda lake. Yote matatu yanatengenezwa nyumbani kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vya bei rahisi na kumalizia na vya ghali. Usinunue spea kabla hujashika multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme.

Kazi ya sensa

Throto ni mlango wa hewa ya injini. Ndani yake kuna kibamba cha duara kinachozunguka kwenye mhimili: ukikanyaga mafuta kinafunguka, ukiachia kinajifunga. Sensa imefungwa kwenye ncha ya mhimili huo, na kazi yake ni kuiambia kompyuta ya injini kibamba kimefunguka kiasi gani. Inapewa volti 5, nayo inarudisha volti ndogo inayopanda kadiri kibamba kinavyofunguka. Kompyuta inaitumia taarifa hiyo kupanga mafuta, moto wa plagi na sailensi, na kwenye otomatiki hata wakati wa kubadili gia. Ndiyo maana sensa moja mbovu inaweza kumpeleka mtu kwa fundi wa gearbox wakati gearbox haina kosa.

Sensa za zamani zina njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Kidole hicho hukaa muda mrefu sehemu ileile, yaani mafuta yakiwa yamekanyagwa kidogo tu au gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida, na kaboni hulika hapohapo. Kwa hiyo sensa iliyochoka huweza kuonekana nzima ukiipima ikiwa imefungwa na ukiipima ikiwa imefunguka yote. Ubovu uko katikati, na ndiko unakotakiwa kuutafuta.

Throto ya kebo au ya umeme?

Fungua boneti, ufuate bomba kubwa la hewa kutoka kwenye boksi la filta hadi linapoingia injini. Hapo ndipo throto ilipo. Ukiona kebo ya chuma inayovuta gurudumu dogo pembeni yake unapokanyaga mafuta, ni throto ya kebo. Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE na Noah ya zamani yenye 3S-FE ni za aina hii. Sensa ni kipande cheusi cha plastiki chenye waya 3 au 4, kimefungwa kwa skrubu mbili, na unaweza kukibadili peke yake.

Kama hakuna kebo bali soketi kubwa ya waya 6, ni throto ya umeme. Premio za 2007 kuendelea, Vitz za KSP90, Nissan Note na Tiida ziko hivi. Hapa mota ndiyo inayofungua kibamba, na ndani kuna sensa mbili zinazochungana. Zikipishana, kompyuta huikatia mota umeme, na springi hukiacha kibamba kikiwa wazi kidogo tu ili uweze kujikokota hadi pembeni. Gari likikosa nguvu ghafla namna hiyo, ujue linakulinda lisije likapaa lenyewe. Usijaribu kuudanganya mfumo huo kwa kuunganisha waya wala kugusa skrubu ya kusimamishia kibamba.

Vifaa

Multimita ya dijitali ya kawaida inatosha. Ongeza spana na soketi namba 10, bisibisi ya nyota namba 2 yenye ncha nzima, koleo la klempu, pini mbili nyembamba, mswaki laini, vitambaa visivyoacha nyuzi, kopo moja la dawa ya kusafishia throto (la mililita 300 hadi 450 linatosha kusafisha zaidi ya mara moja) na dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Kwa throto ya kebo utahitaji pia fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mapengo). Kwa magari ya kisasa, kifaa kidogo cha OBD2 (cha kusomea makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari) kinachoongea na simu kwa bluetooth kitakuokoa muda mwingi.

Dawa hizi zinawaka moto na mvuke wake unalevya. Fanyia kazi mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa, bila sigara wala jiko karibu. Weka gia P au N na uvute breki ya mkono.

Soma namba za kosa kabla ya kugusa chochote

Usiitoe betri kwanza. Ukiitoa unafuta kumbukumbu yote unayoihitaji.

Kwa gari lenye soketi ya OBD2 chini ya usukani, chomeka kifaa, weka swichi ya ufunguo ON bila kuwasha injini, usome. Namba utakazokutana nazo zaidi, na zinakokuelekeza, ni hizi:

- P0122 au P0222: volti ya sensa iko chini mno. Mara nyingi waya wa volti 5 au wa ishara umekatika, au ishara imegusana na ethi (upande hasi wa umeme).
- P0123 au P0223: volti iko juu mno. Angalia waya wa ethi ya sensa, au ishara iliyogusana na volti 5.
- P0121: ishara ipo lakini haiendani na hali ya injini. Hapa njia ya kaboni iliyolika ni mshukiwa halali.
- P2135: sensa mbili za throto hazikubaliani. Soketi kwanza, throto baadaye.
- P2111 na P2112: kibamba kimekwama, wazi au kimefungwa. Uchafu mzito ni mshukiwa wa kwanza.
- P2118 kwenye Toyota: umeme wa mota ya throto. Kabla ya lolote angalia fyuzi iliyoandikwa ETCS, ya throto ya umeme.
- P2122, P2127, P2138: kosa liko kwenye sensa ya pedeli ya mafuta, miguuni mwako. Kubadili throto hapa ni kutupa hela.

Kwa Toyota za zamani zisizo na OBD2, tafuta chini ya boneti kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha weka swichi ON bila kuwasha injini, uhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara 4, ikatulia, halafu mara 1, hiyo ni namba 41, sensa ya throto. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hakikisha umeingiza waya kwenye matundu sahihi, maana ndani ya kiboksi hicho kuna tundu lenye umeme wa betri.

Andika namba zote kwenye karatasi, hata zile unazodhani hazihusiani. Sensa nyingine nazo hutegemea volti 5 za kompyuta, hivyo makosa mawili au matatu ya volti yakija pamoja huwa yana chanzo kimoja.

Soketi na waya

Zima swichi. Bonyeza kidole cha kufungia cha soketi, uvute soketi yenyewe, si waya. Plastiki iliyopigwa na joto la injini miaka 15 huvunjika kirahisi. Ikigoma, pulizia dawa ya viungo vya umeme, usubiri, ujaribu tena kwa upole.

Angalia ndani. Unatafuta unga wa kijani au mweupe, maji, mafuta, pini iliyopinda au iliyorudi nyuma. Kuosha injini kwa mashine ya presha ni chanzo kikubwa cha tatizo hili: maji yanapenya mpira wa soketi, hayana pa kutokea, na baada ya wiki kadhaa kutu huanza. Kama injini ni lazima ioshwe, funika soketi za umeme kwa nailoni.

Pulizia dawa pande zote mbili, sugua taratibu kwa mswaki, acha ikauke dakika 10. Kisha chunguza kila pini ya kike kwenye soketi: ikiwa imepanuka, haishiki sawasawa na volti hurukaruka gari likipita kwenye matuta. Unaweza kuibana kidogo kwa ncha ya pini. Usitie grisi ya bearing humo.

Sasa waya. Fuata mkia wa soketi kwa vidole, sentimita 30 za kwanza. Hapo ndipo waya hupindapinda kila injini inapotikisika. Sehemu iliyokatika ndani huwa laini isivyo kawaida: ukivuta taratibu, ganda linanyooka kama mpira. Ukiipata, kata, unga kwa risasi, ufunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kuunga kwa kusokota na kuzungushia utepe hakudumu kwenye waya wa ishara.

Kupima volti

Rudisha soketi mahali pake. Vipimo hivi vinafanyika soketi ikiwa imechomekwa, kwa kuingiza pini nyembamba kwa nyuma, kando ya waya, hadi iguse chuma. Usitoboe ganda la waya katikati. Tundu hilo litaingiza maji baadaye. Na pini mbili zisigusane.

Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Swichi ON, injini imezimwa.

Kwanza ethi. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa E2 (ethi ya sensa kwenye Toyota). Unatakiwa kusoma karibu na 0, isizidi volti 0.1. Ikizidi, ethi ni mbovu, na vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Fuata nyaya za ethi zinazofungwa kwenye injini na bodi, fungua, kwangua kutu, ukaze upya.

Pili volti 5. Hamishia nyekundu kwenye VC (waya wa volti 5): kati ya 4.5 na 5.5. Ikiwa haipo, chomoa soketi ya sensa upime upande wa gari. Ikirudi baada ya kuchomoa, sensa imepiga shoti ndani. Isiporudi, tatizo liko kwenye waya, kwenye sensa nyingine inayotumia waya huo, au kwenye kompyuta, kwa mpangilio huo wa uwezekano.

Tatu ishara, na hapa usiwe na haraka. Nyekundu kwenye VTA (waya wa ishara). Kwa Toyota ya kebo, kibamba kikiwa kimefungwa utasoma kama volti 0.3 hadi 0.8, na kikiwa wazi kabisa 3.2 hadi 4.9. Sasa zungusha gurudumu la kebo kwa mkono polepole mno, sekunde 10 kutoka mwanzo hadi mwisho, ukitazama namba. Zinatakiwa kupanda bila kurudi nyuma, bila kuruka, bila kugusa 0. Rudia mara tatu. Kisha rudia tena ukigonga sensa kwa mpini wa bisibisi, na mara ya mwisho mtu mwingine akitikisa waya. Namba zikiruka unapogonga sensa, sensa ni mbovu. Zikiruka waya unapotikiswa, sensa ni nzima.

Multimita za bei rahisi husoma taratibu na zinaweza kukosa mruko mfupi. Kama yako ina kitufe cha MIN/MAX, kitumie. Kama haina, multimita ya zamani ya mshale inafaa zaidi kwa kipimo hiki: mshale ukishtuka utauona.

Throto ya umeme ya Toyota ina ishara mbili. VTA1 huwa takriban volti 0.5 hadi 1.1 ikiwa imefungwa na 3.3 hadi 4.9 ikiwa wazi; VTA2 huanzia 2.1 hadi 3.1 na kuishia 4.6 kwenda juu. Msaidizi akanyage pedeli taratibu, wewe utazame. Zote mbili zinatakiwa kupanda pamoja. Kwenye Volkswagen ni kinyume: moja ikipanda nyingine inashuka, na jumla yao hubaki karibu volti 5. Usiingize kidole kwenye throto swichi ikiwa ON, maana mota hufunga kibamba kwa nguvu ya kuumiza.

Ukitumia simu na OBD2, soma asilimia ya throto. Toyota ya umeme ikiwa imefungwa husoma kama asilimia 10 hadi 22, na ikiwa wazi kabisa 64 hadi 96. Watu wengi hushtuka wakiona 15 bila kukanyaga mafuta, wakidhani ndilo kosa. Ni kawaida, kwa sababu ishara haianzii sifuri: kompyuta hutumia sifuri kutambua waya uliokatika.

Kusafisha throto

Mvuke wa oili kutoka kwenye injini huja hadi kwenye throto na kuchanganyika na vumbi lililopenya filta. Matokeo yake ni utando mweusi kwenye ukingo wa kibamba, mahali ambapo pengo la hewa ya sailensi ni jembamba mno. Utando huo unaziba pengo, gari linazima ukiachia mafuta, au kibamba kinanata na kukushtua unapokanyaga kidogo.

Chomoa teminali hasi ya betri. Legeza klempu za bomba la hewa, uliondoe. Kama sensa ya hewa iko kwenye bomba hilo au kwenye boksi la filta, chomoa soketi yake na uiweke mbali. Dawa ya throto isiiguse, waya wake ni mwembamba kama unywele.

Kusafisha bila kuifungua throto kunatosha kama uchafu ni mwepesi. Pulizia dawa kwenye kitambaa au mswaki, si moja kwa moja ndani. Shikilia kibamba wazi, ufute ukuta wa ndani, ukingo wa kibamba pande zote mbili, na hasa mstari ambapo kibamba hukutana na ukuta. Kwa throto ya umeme sukuma kibamba kwa kidole taratibu, betri ikiwa imechomolewa, na usikiache kikarudi kwa kishindo: ndani kuna gia za plastiki. Usipulizie kwenye ncha za mhimili, kwa sababu dawa hupita kwenye sili na kuingia kwenye sensa. Sensa nzima huuawa hivi, na mwenye gari hulaumu dawa.

Msasa, bisibisi na waya wa chuma havihitajiki hapa kabisa. Baadhi ya throto zina rangi maalumu kuzunguka kibamba inayoziba pengo la hewa. Ukiikwangua, sailensi haitakaa tena. Petroli nayo iache.

Uchafu ukiwa mzito, toa throto nzima. Kwa Toyota nyingi ndogo ni boliti na nati 4 za namba 10, pamoja na mipira miwili ya maji ya rejeta kwenye injini nyingi. Injini iwe baridi kabisa. Bana mipira hiyo au izibe kwa boliti ili usipoteze maji. Safisha throto ikiwa imeelekezwa chini upande wa kibamba, ili dawa isikusanyike kwenye sensa. Angalia gasketi: ikiwa imekauka au imepasuka, badili, kwani hewa ikivuta hapo sailensi itapanda na utaanza kutafuta kosa jingine lisilokuwepo. Kaza kwa mshazari, taratibu; kwa boliti za namba 10 ni kama Nm 9 hadi 10, yaani kukaza kwa kiganja na spana fupi. Mwili wa throto ni alumini, nyuzi zake hukatika haraka. Mwisho, jazia maji ya rejeta yaliyopungua.

Kwenye throto za kebo usisahau vali ya sailensi iliyo chini au pembeni. Ikiwa imejaa kaboni, kibamba kinaweza kung'aa na gari bado likazima.

Kubadili sensa kwenye throto ya kebo

Vipimo vimeonyesha sensa ni mbovu. Kabla ya kulegeza chochote, chora mstari kwa msumari kuanzia kwenye sensa hadi kwenye mwili wa throto. Mstari huo utakurudisha karibu kabisa na mahali sahihi.

Skrubu zake mbili ni maarufu kwa kugoma. Weka bisibisi inayokaa vizuri, gonga mpini kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo ugeuze huku ukikandamiza. Kichwa kikishaharibika, kazi ya dakika 5 inakuwa ya nusu siku.

Sensa mpya iweke ikiwa imezungushwa kidogo, ulimi wa mhimili uingie mahali pake, kisha izungushe hadi ilingane na mstari wako. Funga skrubu bila kuzikaza. Kama ina waya 3 na matundu marefu ya kurekebishia, weka swichi ON, pima ishara, zungusha sensa hadi isome karibu volti 0.5 kibamba kikiwa kimefungwa, kisha kaza. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu mara nyingi inasogea. Matundu yakiwa ya duara tu, hakuna cha kurekebisha.

Sensa ya waya 4 ina swichi ya ziada iitwayo IDL, inayoiambia kompyuta kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. Chomoa soketi, weka multimita kwenye omu, kati ya IDL na E2. Ingiza jani la fila geji kati ya skrubu ya kusimamishia na mkono wa throto. Kwenye Toyota nyingi za aina hii, kwa jani la mm 0.50 swichi iwe imeunganika, na kwa jani la mm 0.70 iwe imekatika. Baadhi ya injini zina vipimo vingine, hivyo kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata. Zungusha sensa hadi masharti yote mawili yatimie. Ukilikosea hili, gari litakata mafuta vibaya ukiachia pedeli, au sailensi itabaki juu.

Dukani, iwe Kariakoo (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), nenda na multimita yako na sensa ya zamani. Pima omu kati ya ethi na ishara huku ukizungusha ulimi wa sensa mpya taratibu: zipande bila kuruka. Muuzaji anayekukatalia kupima, muache. Sensa iliyotumika ya Toyota inayopita kipimo hiki ni afadhali kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka.

Kubadili throto ya umeme

Kwa Toyota na Nissan nyingi sensa hizi haziuzwi peke yake. Unabadili throto nzima. Kabla ya kufikia hapo, uwe umeshathibitisha VC, ethi, fyuzi na nyaya zote, maana kosa hapa ni ghali. Soma namba iliyochapishwa kwenye mwili wa throto na utafute inayolingana herufi kwa herufi. Kufanana kwa sura hakutoshi. Kuifungua ile ya zamani na kubandika kifuniko cha sensa cha throto nyingine hatukushauri: nafasi ya sumaku na sensa ikihama kidogo tu, P2135 inarudi.

Kuifundisha kompyuta upya

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayozaa malalamiko ya "nimesafisha throto, sasa sailensi iko 1,500". Sababu iko wazi ukiifikiria. Uchafu ulipoziba pengo la hewa kidogo kidogo, kompyuta ilikuwa inafungua kibamba zaidi ili kufidia. Umeondoa uchafu, lakini kompyuta bado inafungua kwa kiasi kilekile cha zamani.

Toyota: chomoa hasi ya betri dakika chache, irudishe, weka swichi ON sekunde kadhaa bila kugusa pedeli, kisha washa. Acha injini iungurume yenyewe hadi ipate joto na feni ya rejeta iwake, kama dakika 10 hadi 15, AC na taa vikiwa vimezimwa. Kisha washa AC dakika 5 nyingine. Endesha taratibu, simama mara kadhaa. Sailensi huwa imetulia.

Nissan inadai nidhamu zaidi. Injini iwe na joto la kazi, betri iwe nzima, gia P au N, usukani umenyooka, vifaa vyote vya umeme vimezimwa. Kwanza pedeli: bila kuigusa, swichi ON sekunde 2 au zaidi, OFF sekunde 10, ON sekunde 2, OFF sekunde 10. Kisha sailensi, na uwe na saa mkononi:

1. Swichi ON, subiri sekunde 3.
2. Kanyaga pedeli hadi chini na kuiachia kabisa mara 5 ndani ya sekunde 5.
3. Subiri sekunde 7 bila kugusa, kisha kanyaga hadi chini na ushikilie kama sekunde 20. Taa ya injini itapepesa, halafu itawaka bila kupepesa.
4. Ndani ya sekunde 3 baada ya taa kutulia, achia pedeli.
5. Washa injini mara moja, iache iungurume sekunde 20.

Usishangae kushindwa mara mbili tatu. Zima, subiri, anza upya. Ikiendelea kukataa, tafuta mahali hewa inapovuta baada ya throto, kwa sababu mafunzo haya hayakubali kukiwa na hewa ya wizi. Volkswagen na jamaa zake kwa kawaida huhitaji mashine ya uchunguzi ya fundi. Hakuna njia ya pedeli ya kutegemea.

Kosa likirudi

Futa namba za kosa, endesha angalau dakika 20 ukipitia foleni, mlima na matuta, kisha soma tena. Namba ileile ikirudi mara tu swichi inapowekwa ON, mara nyingi ni umeme: waya au soketi. Ikirudi baada ya mwendo au kwenye matuta, kuna kitu kinacholegea. Ikirudi injini ikishapata moto tu, pasha sensa kwa mashine ya kukaushia nywele gari likiwa limesimama, na upime volti tena.

Kama volti zote ni safi na gari bado linashikwa, iache sensa ya throto. Pulizia maji ya sabuni kwenye mipira ya vakumu na gasketi ya manifoldi injini ikiwa inaunguruma. Sauti ikibadilika, umepata hewa inayovuta. Angalia sensa ya hewa, filta ya mafuta, presha ya pampu, plagi na koili. Pima pia betri na alternator: throto ya umeme huanza vituko volti zikishuka, na namba zake za kosa hazitaitaja betri.

Ila gari likipandisha mzunguko lenyewe huku mguu ukiwa nje ya pedeli, usiendelee kulijaribu barabarani. Weka gia N, kanyaga breki kwa nguvu, simama pembeni, zima. Hilo liende gereji likiwa limevutwa.